Kivuli cha Saa Sita

Mimi ni mtu wa Tanga, na kwa mashairi sishikiki. Mwalimu mwenzangu, mama wa Kimalei aliyeolewa hapa Durban, aliponieleza habari za pantuni, nilimdakia kabla hajamaliza. Ni mistari minne yenye vina na mizani: miwili ya mwanzo inataja kitu cha maumbile ulichokiona kwa macho, miwili ya mwisho inasema jambo la binadamu. "Hayo si mageni kwetu," nikamwambia. Akacheka, akasema basi tuitumie kufundishia sayansi na hesabu darasa la nne.

Shule yetu ya Sydenham ni ndogo, na watoto wengi ni Wakongo na Watanzania. Mwalimu mkuu, mama wa Lubumbashi asiyependa mchezo, alitupa kipindi kimoja tu. Akiona ni nyimbo tupu, tunarudi kwenye kitabu. Nilitaka sana tufaulu, maana kitabu kile kinanilaza hata mimi.

Akaja siku moja ya Juni, akaketi nyuma, mikono kifuani. Mwenzangu alikuwa ametunga kwa Kimalei. Mimi nikaandika Kiswahili chake ubaoni, kwa madaha:

Saa sita jua kati,
Kivuli chini ya nyayo;
Mwenzi wa kila wakati
Hakai mbali na moyo.

Watoto wakahesabu mizani, nane kila mstari. Ndipo msichana wa mbele akanyoosha mkono.

"Eish, Mwalimu, mustari ya pili si kweli. Saa sita kivuli yangu iko murefu."

"Saa sita jua liko utosini, mwanangu."

"Hapa hapana."

Darasa likalipuka kwa ubishi. Mwalimu mkuu akainuka, nikajua tumekwisha.

"Saa sita iko karibu," akasema. "Tutoke tuone."

Uwanjani kila mtoto alikuwa na kivuli kirefu kumpita mwenyewe. Mimi na mwenzangu tukaangua kicheko: sisi wawili tuliozaliwa karibu na ikweta tumekuja kusifu jua la kwetu kwenye nchi ya wenyewe! Watoto wakachukua futi kamba, wakapima vimo na vivuli, wakagawanya kivuli kwa kimo. Wote wakapata jibu karibu lilelile: kivuli ni kimo chako na theluthi yake.

Mwalimu mkuu naye akasimama apimwe.

"Na Desemba itakuwa namna gani?" akauliza.

Kila mtoto akataja namba yake.

"Basi," akasema, "mutapima kila mwezi mpaka Desemba."