Cheo Alichozikwa Nacho Kaka

Nyumbani kwetu Liuli, babu hakuitika ukimwita babu. Ulitakiwa kusema, "Shikamoo, betshaushi," ndipo akajibu marahaba, tena baada ya kukutazama kwanza kama umesimama sawasawa. Sisi wajukuu tulishazoea. Bibi peke yake ndiye aliyekifanyia mzaha cheo hicho. Alikuwa akipaza sauti kutoka jikoni: "Betshaushi, mbuzi wako wameingia kwenye muhogo wa jirani." Babu alikuwa akiondoka mbio na fimbo, ukubwa wote ameuacha kwenye kigoda.

Cheo chenyewe kilikuwa cha ngoma. Huku ziwani wanaume hucheza mganda wakiwa wamejipanga mistari kama askari, kaptula nyeupe, soksi ndefu, filimbi mdomoni, na ngoma kubwa nyuma yao. Kila kikundi kina vyeo vyake. Vikundi vya jirani vilikuwa na makaputeni na masajini. Chetu kilianzishwa na baba yake babu na wenzake waliorudi kutoka uaskari wa Mjerumani, wakaja na vyeo walivyovikuta huko: ombasha, juu yake shaushi, juu yake betshaushi, kisha sol, na mwisho kabisa afande. Vijana wa vikundi vingine walitucheka kwamba tuna vyeo vya makaburini. Babu alisema vyao ni vya juzi tu.

Cheo hakikutolewa bure. Unaanza ukiwa raia, unabeba maji, unafua kaptula za wakubwa, unacheza mavuno hadi mavuno, ndipo siku moja unaitwa mbele. Kaka yangu hakuitwa. Aliondoka kwenda jeshini, jeshi la kweli, akiwa bado raia wa ngoma.

Mimi nilimwonea wivu wa furaha. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nina ndoto nyingi kuliko nguo. Nilikwisha kuamua kwamba nami nitakuwa askari, nitashuka kwenye lori na begi la kijani, na babu atalazimika kunipigia saluti mimi. Nilifanya mazoezi ya kutembea kijeshi huku nimejitwika ndoo ya maji. Nililoa sana.

Kaka alipokuja likizo ya kwanza alikuwa koplo. Babu alimketisha akamuuliza koplo ni nani kwa hesabu za kwetu. Kaka akasema ni sawasawa na ombasha. Babu akaridhika, maana ombasha yuko chini yake. Halafu kaka akamwambia jambo alilofundishwa na mkubwa wake kikosini, kwamba vyeo vile havikuwa vya Mjerumani kabisa. Vilikuwa vya Waturuki. Waturuki walitawala Misri, jeshi la huko likatumia maneno yao, Mjerumani akaenda kuchukua askari Wasudani kulekule, nao wakaja huku na vyeo vyao mdomoni. Ombasha, kwa Waturuki, ni mkuu wa watu kumi. Na afande lilikuwa neno lao la kumheshimu mtu yeyote muungwana, hata karani, hata mwenye duka.

"Mkuu wa kumi," babu alisema. "Kama balozi wetu wa nyumba kumi?"

"Kama huyo, betshaushi."

"Basi Waturuki ni watu wa maana. Wanatujua?"

"Hawajui hata kama Liuli ipo."

Babu alicheka mpaka akakohoa. Kwa siku kadhaa alimwita balozi wetu ombasha, naye balozi akaitika, akidhani ni sifa mpya iliyokuja na mageuzi. Wakati ule kila kitu kilikuwa kinakuja na mageuzi: sabuni madukani, wanunuzi binafsi wa kahawa kule Mbinga, mitumba.

Likizo ya pili haikuwa likizo. Kaka alirudi juu ya lori la magunia, amepungua, begi la kijani amebebewa na utingo. Alikuwa ameacha kazi kwa ugonjwa, ule ambao miaka ile watu waliutaja kwa kunyamaza. Bibi akampikia uji. Mimi nikamchambulia usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, namtolea vichwa, maana alisema vinamkaba. Nilimsimulia ndoto zangu za jeshi kila siku na hakunikatisha.

Siku moja alinishika mkono wa nguo. "Mwambie babu," alisema, "nisizikwe kama raia."

Nilimwambia babu. Aliendelea kunoa jembe.

Kaka alifariki asubuhi, wavuvi wakiwa ndiyo kwanza wanaanika samaki. Sikulia. Nilitazama kichanja cha samaki, nikaona usipa mmoja umeanguka mchangani, nikauokota, nikaufuta, nikaurudisha. Watu walipofika kunishika mikono nilikuwa nafikiria kwamba ule usipa ulikuwa na mchanga bado.

Jeshi halingekuja, hakuwa mtu wao tena. Kilichobaki ni ngoma, na raia hapigiwi ngoma ya kikundi chetu.

Mchana kikundi kilifika uani kimevaa. Afande wa kikundi alikuwa muuza mitumba sokoni, kwa hiyo kaptula zote zilikuwa nyeupe za kila namna, nyingine zina nembo za timu za mpira za Ulaya. Walikaa upande wa wanaume. Ngoma kubwa waliilaza ubavu. Nilijua maana yake: wamekuja kuzika tu.

Babu alisimama mbele yao. "Mpigieni," alisema.

"Betshaushi, sheria unaijua," Afande alimjibu kwa upole. "Marehemu ni raia."

"Alikuwa koplo."

"Huko kwao. Hapa hata maji hakubeba ya kutosha."

Mmoja akaanza kucheka, akakumbuka yuko wapi, akaacha. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani mkononi. Najua kwamba hapo nilipaswa kuhisi kitu. Nilihisi sahani.

Babu alivua mkanda wake mwekundu wa cheo, ule ambao bibi alikatazwa hata kuufua, akaingia ndani, akauweka juu ya jeneza. Akatoka. "Betshaushi ni huyo humo ndani," alisema. "Mimi nakwenda kusimama na raia."

Kila mtu alijua kinachofuata. Kwetu mtu anaweza kumpa maiti cheo chake, lakini cheo ni kimoja, kinakwenda kaburini, na aliyekitoa haitwi nacho tena maisha yake yote. Afande akainua kidole. Wakaisimamisha ngoma.

Makaburini, padri alipomaliza sala, Afande alisogea ukingoni akaita, "Betshaushi!" Akaita tena. Safari hii nilimwona babu, nyuma kabisa kati ya vijana wabeba maji, mdomo umefunguka kidogo. Akaufunga. Ngoma ikaitika badala ya kaka, na wanaume wote wakapiga saluti. Babu hakupiga. Raia hapigi.

Kesho yake nilimpelekea maji ya kunawa kama kila siku. "Shikamoo, betshaushi," nikasema.

Hakugeuka. Aliendelea kutazama ziwa. Nikasubiri, mikono inaniuma kwa uzito wa ndoo. Jikoni bibi aliacha kutwanga.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akakinga viganja nimmiminie.

Baadaye bibi alipaza sauti kutoka jikoni kwamba mbuzi wameingia kwenye muhogo wa jirani. Alisema, "Mzee, mbuzi wako." Babu alichukua fimbo akaenda, ila hakukimbia. Nikatembea nyuma yake, hatua zangu si za kijeshi tena, ni za mtu yeyote, mpaka kwenye muhogo.