Mshenga Aliyekuwa Mpishi wa Meli

Rafiki yangu, Jumamosi iliyopita nilitoka sinema hapa Stockholm nimenuna kama mtu aliyedhulumiwa. Nilikuwa nimempeleka binti yangu kuona filamu ya zamani ya Kiswidi, bubu, ya mapenzi na vichekesho melini. Ndiyo hiyo hiyo bibi yangu aliyonitesa nayo utotoni.

Enzi hizo tulikaa Bredäng, kitongoji cha hapa Stockholm, ghorofa ya sita. Mkanda wa video bibi aliuokota kwenye kapu la vitu vya bure chini ya ngazi. Kila Jumamosi, zamu yetu ya kufua ikiisha, sebule ilinukia shuka safi na chai ya tangawizi. Bibi alikunja nguo, mimi nikamsomea kwa Kiswahili maandishi ya Kiswidi yaliyotokea kwenye kioo, maana macho yake, alisema, hayakuja Ulaya kusoma.

Shida ilikuwa adabu zake. Karani wa meli na binti wa tajiri wakisogeleana tu, bibi kashika rimoti. "Mshenga wao yuko wapi? Haraka haraka haina baraka!" Anazima. Wiki nzima nasubiri, halafu anazima palepale! Nilichoka mpaka nikadanganya. Nikasoma kwamba yule mpishi mnene ndiye mshenga, keshapeleka barua ya posa kwa nahodha, na nahodha ni mjomba wa binti. Bibi akatabasamu, akaacha mkanda uende hadi mwisho.

Nilijifunga mwenyewe. Kila Jumamosi ilinibidi niukumbuke uongo wote, na nikiruka kitu, bibi hakuniacha. "Mbona leo hukusoma habari ya kilemba cha mjomba?"

Siku moja akamwalika jirani yetu, mama Mkongo aliyemaliza shule ya Kiswidi. Bibi akigundua, hataniamini tena, wala hatanipa barua zake za hospitali nimsomee, na kazi hiyo niliionea fahari kuliko zote. Mpishi alipotokea na sufuria yake, nikasoma kwa sauti ndogo. Jirani akashtuka, Kifaransa na Kiswahili cha Kongo vikamtoka pamoja: "Mais Mama, si vile baliandika!"

Bibi hakuinua macho kwenye shuka. "Msomaji wa nyumba hii ni mjukuu wangu. Kunywa chai, mama."

Hakuniuliza kitu, siku ile wala baadaye. Jumatatu alinipa barua ya hospitali kama kawaida.

Bibi tulishamzika, na mkanda ulipotea tulipohama. Kwa hiyo Jumamosi, mpishi alipotokea, nilimnong'oneza binti yangu kwamba huyo ndiye mshenga. "Pappa, det står inte så," akanijibu. Haikuandikwa hivyo. Na kweli, mpishi alipita mara moja na sufuria, akaondoka. Nahodha si mjomba wa mtu. Wale wawili wakabusiana mbele ya mabaharia wote, bila barua, bila mshenga, na ukumbi mzima ukacheka. Mimi nilikaa gizani nimefura kwa hasira, kidole kikitafuta rimoti.