Mkungu wa Mama Calvin

Kila mkungu wa ndizi za kisukari unapoletwa nyumbani Njiro kutoka shambani Kikatiti, Elinipa huutundika mwenyewe stoo, kwenye ndoano ileile. Wajukuu humcheka: "Bibi, si uzivundike ziive upesi?" Hujibu kwamba ndizi ya haraka haina utamu. Kisha hubaki hapo peke yake, na moyo wake humrudia Kisioki.

Miaka ile Elinipa alikuwa ofisa habari wa serikali, na Kisioki wa Oldonyo Sambu alikuwa mtangazaji wa redio moja mjini. Walikuwa na desturi yao. Jambo asiloweza kulisema, Elinipa alilinyamazia, hakulidanganyia. Kwa sababu hiyo Kisioki alimwamini.

Jumapili moja ya mavuno, usharikani Kikatiti, Mama Calvin alisimama mbele ya madhabahu na mkungu wake.

"Bwana asifiwe! Namshukuru Mungu, mwanangu Calvin na wanajeshi wenzake wamevuka mpaka salama. Ameniambia nisimwambie mtu, lakini Mungu si mtu."

Kanisa likacheka na kupiga makofi. Elinipa, pale kwenye kwaya, alihisi baridi ya mlima imemwingia mifupani. Safari ile ilijulikana kwa maofisa wachache tu. Vijana walikwenda kuwakomboa mateka mikononi mwa waasi. Habari ingewatangulia, wangepokelewa kwa risasi. Na karibu na mlango aliketi Kisioki, mgeni wa sikukuu.

Baada ya ibada, sadaka zikanadiwa nje. Kisioki akaupandisha bei ule mkungu mpaka wenzake wakanyamaza.

"We Mwarusha, ndizi zote hizo za nini?" Mzee Ndesanjo, mnadishaji, akamtania. "Utawapa ng'ombe?"

"Ng'ombe wangu wamechoka majani, mzee."

Akaubeba hadi kwenye gari la Elinipa.

"Dada, niambie yule mama kasema uongo, nami nitasahau."

Elinipa alikuwa ameshampigia bosi wake, naye akampa jibu la kutoa: mama yule kazeeka, akili zimemruka. Lilikuwa jibu jepesi. Lakini Mama Calvin angelisikia redioni pamoja na usharika wake wote, na aibu ile angezikwa nayo.

"Siwezi kukujibu," akasema. "Ila ukitangaza leo, kuna mama atalia."

Kisioki akaupakia mkungu garini. "Basi nitunzie. Zikiiva hujaniita, natangaza nilichosikia. Na usizipike!"

Bosi akapiga tena, akataka kanusho.

"Kufunga mdomo wangu naweza, bosi. Kumwita mama wa watu kichaa, siwezi."

Cheo alichokuwa akikitarajia kikaenda kwa mwingine. Kila asubuhi alifungua stoo kabla hata ya kusali. Aminieli, mumewe, akamshauri auhamishie mkungu penye ubaridi, uchelewe.

"Nimdanganye mtu kwa ndizi?" akamjibu.

Vidole vya juu vikaanza kupiga manjano. Harufu tamu ikafika sebuleni, naye akashindwa kula.

Ndipo ikaja simu kwamba vijana wamerudi, mateka wako hai, na sasa ruksa kusema. Kabla ya mwandishi mwingine yeyote, akampigia Kisioki.

"Njoo uchukue ndizi zako."

Kisioki akashusha pumzi. "Zimeiva?"

"Chache."

"Na Calvin?"

"Ana bandeji begani. Yuko kwa mama yake."

Walizila zilizoiva wakiwa wamesimama stoo, kinasa sauti kikiwa juu ya gunia la mahindi, na Elinipa akayasema yote aliyoruhusiwa, bila kupamba.

Kisioki alizikwa Oldonyo Sambu mwaka juzi. Siku hizi ofisa hukanusha kabla hajasoma, na mwandishi hurusha kabla hajauliza, kisha wote wawili hushangaa kwamba hakuna anayewaamini. Elinipa hupapasa mkungu kidole kwa kidole. Akikuta kimoja cha manjano hukichuma, hukimega, hula nusu. Nusu nyingine huiacha juu ya gunia.