Mama Anthony na Printa Iliyopotea Siku za Maji

Scholastika, ambaye Newala inamwita Mama Anthony, alijifunza kuchapa kwa mashine nzito kama kinu, katika ofisi ya chama cha ushirika. Soko huria lilipokuja na wanunuzi binafsi wa korosho, ofisi ilifungwa naye akarudishwa nyumbani kwa barua. Wenzake walibaki kulalamika. Yeye alijifunza kompyuta akiwa na miaka hamsini kasoro mitatu, na mtu wa namna hiyo huvuliwa kofia.

Kazi alipata kwa Suleimani, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na stendi. Kompyuta ilikaa mbele kwa wateja. Printa, ya kisasa isiyotumia waya, iliwekwa chumba cha nyuma vumbi lisiifikie. Basi ikaanza vituko: leo kompyuta inaiona, kesho inasema haipo. Mama Anthony aliizima na kuiwasha, akaifuta kwenye kompyuta, akaiunganisha upya. Wapi! Fundi kutoka Masasi alikuja mara mbili, zote Jumatatu, na zote printa iliitika kwa adabu. Akasema tatizo ni huyu mama, umri umekwenda, anabofya ovyo.

Suleimani akaamini. Jumatano asubuhi alimpa shikamoo yake kama kawaida, kisha, macho chini, akamwomba achape barua ya kumwachisha kazi. Mama Anthony aliichapa bila kukosea hata herufi moja. Alipotaka kuitoa, kompyuta ikasema printa haionekani.

Moyo ulimuuma sana. Lakini tangu enzi za ushirika alikuwa na daftari la kuandika kila siku kilichofanyika na kilichokwama. Akalifungua. Printa ilipotea kila Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Jumatatu haikupotea kamwe. Jumanne kuna nini? Akageuka, akaliona tanki.

Newala maji ni mali ya kufungiwa ndani. Kila Jumanne gari la maji lilijaza tanki la plastiki la Suleimani, refu kumpita mtu, lililosimama koridoni kati ya kompyuta na chumba cha nyuma. Kufikia Jumatatu huwa limebaki tupu.

"Baba Faudhia," alimwita Suleimani kwa jina la bintiye, "printa haijapotea. Maji yanazuia mawimbi yake yasifike kwenye kompyuta. Tuyahamishe."

Suleimani alicheka, akazikumbuka zile Jumatatu za fundi, akaenda kuchukua ndoo. Wakachota ndoo kwa ndoo hadi kwenye mapipa ya uani, bila kumwaga tone, maana huku kumwaga maji ni kumtusi jirani. Maji yaliposhuka chini ya nusu ya tanki, printa ilinguruma yenyewe kule nyuma.

Karatasi ya kwanza kutoka ilikuwa ile barua, iliyokuwa bado ikingoja zamu yake. Suleimani aliisoma yote, hadi mahali pa sahihi yake. Kisha akaigeuza na kuirudisha kwenye trei, upande mweupe tayari kwa kazi.

"Shikamoo, Mama Anthony," alisema, kwa mara ya pili siku ile.

"Marahaba, mwanangu. Sasa nipishe, wateja wanangoja."