Msemaji Amesahau

Siku ya kwanza kazini nilipewa penseli, daftari na amri moja: nyamaza. Mhadhiri aliyeniajiri alikuwa akirekodi lugha ndogo ya magharibi mwa Kenya ambayo wazungumzaji wake walikuwa wanaisha. Mimi niliishia kidato cha pili. Nilichukuliwa kwa sababu bibi yangu alinilea kwa lugha hiyo. Kuielewa niliielewa, lakini kuizungumza, ulimi ulikuwa umeshakuwa mzito. Kazi yangu ilikuwa unukuzi, yaani kusikiliza kaseti na kuandika kila neno kama lilivyotamkwa, bila kulirekebisha.

"Ukikohoa," Mhadhiri aliniambia, "kikohozi chako kitadumu zaidi kwenye kaseti kuliko wewe duniani."

Tulianza mtaa wa Kaloleni, Nairobi, kwa Mama Perpetua, mjane wa mfanyakazi wa reli. Dada yake, mtu wa mwisho aliyekuwa akiongea naye lugha yao, alikuwa amezikwa miezi michache kabla. Mhadhiri aliomba hadithi. Mama alisema maneno machache, akanyamaza, akatutazama. Nasi tukamtazama.

"Imeisha," akasema kwa Kiswahili.

Ikawa hivyo siku tatu. Jirani yake alichungulia mlangoni akicheka, "Mama Perpetua, leo redio imekujibu?"

Kila kaseti ilikuwa na kadi yake: jina la msemaji, mahali, lugha, na mstari mmoja wa maoni. Mhadhiri alikata tamaa, akaniagiza nijaze ule mstari. Niliandika kwa mkono wangu: Msemaji amesahau. Kwa maneno hayo mawili tulikuwa tumemaliza naye, na hatukumjua msemaji mwingine jijini.

Siku ya nne tulirudi kwa jaribio la mwisho. Mhadhiri akatoka kidogo kwenda dukani, mashine ya kurekodi ikiendelea kuzunguka. Mama akanigeukia.

"Wewe ulizaliwa bila mdomo?"

"Nimekatazwa kuongea, Mama."

"Na nani? Hicho kisanduku? Kwetu hadithi ni ya watu wawili. Mmoja anasimulia, mwingine anaitikia. Usipoitikia najua umelala, naacha. Bibi yako hakukufundisha?"

Alinifundisha. Aliyesahau alikuwa mimi.

Akaanza upya. Aliponyamaza nikasema, "Eeh." Akaendelea. "Eeh." Aliendelea mpaka kaseti ikaisha, akanung'unika kwamba mashine haina adabu.

Mhadhiri alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi. Ofisini aliisikiliza kaseti yote, sauti yangu imejaa kila mahali. Nilijua kazi imeisha.

"Umeiharibu," akasema. Akairudisha mwanzo, akasikiliza tena. "Kesho nenda ukaharibu nyingine."

Nilikwenda kwa miaka mingi. Baadaye nilihamishiwa chumba cha hifadhi, chini ya Mtunza Hifadhi, mama mkali aliyenifundisha kuzikinga kaseti na unyevu na kuzinakili kabla hazijachakaa. Mama Perpetua alipofariki, sauti yake ilijaza rafu nzima. Nilimlilia kimya. Hakubaki mtu wa kuniuliza kama nina mdomo.

Ile kadi sikuirekebisha miaka yote hiyo. Niliona aibu, na kwa sababu mimi ndiye niliyetunza rafu, hakuna aliyeniuliza. Siku yangu ya mwisho kazini niliitoa, nikakata neno "amesahau", nikaandika "hakuitikiwa". Mtunza Hifadhi alisoma, akatia sahihi pembeni.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Tena. Nashukuru kwa kazi ile. Mtu wa kisomo changu hakutarajia kulipwa kwa kusikiliza. Juzi mjukuu wa Mama Perpetua, mwenye duka huko Umoja, alikuja na rekodi ile ya kwanza, aliyopewa hifadhini, kwenye simu yake. Lugha ya bibi yake haijui. Yeye ni Sheng tu. Tulisikiliza yale maneno machache ya bibi yake, kisha kimya.

"Buda, mbona shosh amenyamaza?"

"Alikuwa ananingoja."

Aliitazama simu, akanitazama.

"Si umjibu basi."

Nikamjibu.