Kukandwa Kabla ya Hodi

Mgongo wangu ulikatika Jumatano, nikiwa nimeinama kuokota kofia. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa nimebeba tani mbili za sabuni kichwani, lakini ukweli ni kofia. Marobota nilikuwa nimeyabeba tangu asubuhi pale kiwandani, na mgongo haukusema neno. Niliposhuka kuchukua kofia, kitu kililia ka! ndani yangu, sauti ambayo nina hakika ilisikika hadi Thika, nikabaki nimekunjika kama mtu anayetafuta sindano.

Maumivu ningeyavumilia. Shida ilikuwa Jumamosi. Jumamosi hiyo wazee wetu walikuwa wanashuka kutoka Murang'a kunipeleka kubisha hodi kwa kina mchumba wangu, binti wa watu wa magharibi. Tulikuwa tumekutana katika masomo ya jioni, mimi nikiwa nyuma ya darasa na yeye mbele, tukitenganishwa na mchoro wa mifupa ya binadamu. Kila tulipotoka darasani nilimsindikiza hadi kwenye kona ya Kaloleni, si hatua moja zaidi, kwa kuwa kwao sikuwa nimetambulishwa. Na mwezi ule wote alikuwa akinifundisha adabu za kwao kwa ukali zaidi kuliko mwalimu wetu wa hesabu.

"Mama yangu hapewi mkono," aliniambia. "Usimguse. Usikalie kiti chake. Mkikutana njiani, mpishe."

"Na nikimgusa kwa bahati mbaya?"

"Usithubutu! Mambo yanaweza kuishia hapo hapo."

Kwetu mama mkwe unamsalimia kwa mikono miwili na anakuuliza habari za ng'ombe. Lakini nilikuwa nampenda yule msichana, kwa hiyo nilikariri sheria zile vizuri kuliko nilivyowahi kukariri sehemu za ua. Kuhusu mgongo sikumwambia lolote. Nilitaka anione nimesimama wima.

Nilikuwa nikiishi Makongeni, chumba kimoja na mwenzangu wa kazini. Alipofungua mlango akanikuta nimekunjika, alicheka hadi akakaa chini.

"Buda, unatafuta nini hapo sakafuni?"

"Nisaidie, bwana."

Akanilaza kifudifudi, akavua viatu, akapanda mgongoni mwangu akaanza kutembea. Alisema kwao watu hutibiwa hivyo baada ya kulima. Labda kwao watu wana migongo ya chuma. Mimi nilihisi treni nzima ya mizigo ikinipita, mabehewa yote, na walinzi wakipunga bendera. Aliposhuka nilikuwa nimekunjika upande wa pili.

Akajaribu dawa ya kuchua ya wachezaji wa mpira, ile yenye pilipili ndani yake. Ngozi iliwaka, lakini mgongo wenyewe haukupata habari.

"Manze, hii imenishinda," alisema akipuliza vidole vyake. "Kuna mathee Kaloleni anakanda watu. Hata mabondia wa pale kwa hall yeye ndiye huwanyoosha."

Alhamisi mchana nilivuka Jogoo Road nimelala juu ya mkokoteni wa kuuzia maji. Watoto walitufuata wakiuliza kama nimekufa. Mwenzangu akawajibu, "Bado, subirini."

Yule mama alitupokea mlangoni mwa nyumba ya mawe yenye vigae vyekundu. Alikuwa mama mkubwa, kitambaa kichwani, na mikono iliyoweza kusonga ugali wa kambi nzima ya jeshi. Mwenzangu alinilaza juu ya mkeka, akanivua shati, akarudi kazini. Kabla hajanigusa, yule mama aliniuliza maswali yaliyonifanya nitamani mkeka unimeze.

"Mwanangu, miguu imekufa ganzi?"

"Hapana, mama."

"Mkojo unatoka vizuri?"

"Mama!"

"Jibu. Mfupa ukivunjika au miguu ikifa ganzi mimi sigusi, huyo ni wa hospitali. Mimi nakanda nyama iliyokasirika."

Nikamwambia unatoka vizuri kabisa. Akaanza na kitambaa cha maji moto na chumvi, akikibandika na kukikandamiza. Hicho, alisema, ndicho hupewa mama aliyetoka kujifungua, kwa upole, ili mwili urudi mahali pake. Kisha akaja na mafuta, akinichua kwa viganja kuelekea juu, damu itembee. Mtoto mchanga husingwa hivyo hivyo, kwa vidole viwili tu, naye hulala jioni nzima. Mwisho akaleta vidole gumba. Hapo sina la kueleza. Misuli yote niliyosoma kwenye baiolojia niliisikia siku hiyo, kila mmoja ukimwita mama yake. Lakini baada ya kila kelele kulikuja raha, ulegevu mtamu, na kichwa kilichokuwa kikiniuma tangu jana kikaacha. Raha ikanifungua mdomo.

"Mama, ninyooshe vizuri. Jumamosi naenda kwa wakwe."

"Wakwe wa wapi?"

"Hapa hapa Kaloleni. Sijafika kwao bado. Baba ni wa reli, mama anauza mboga sokoni. Nasikia huyo mama ni mkali kama pilipili ya kukaanga!"

Vidole vilisimama kidogo.

"Nani amekwambia ni mkali?"

"Binti yake mwenyewe."

"Ahaa," alisema, na vidole gumba vikaingia ndani ya mgongo wangu hadi nikadhani vitatokea kifuani.

Ndipo mlango wa jikoni ukafunguka. Kutoka chini mkekani niliona miguu tu, na patipati zenye mikanda ya buluu. Patipati zile nilizijua. Ndizo nilizokuwa nikizitazama kila jioni, zikiyumba chini ya dawati la mbele.

"Mama, maji mengine yame..."

Beseni likaanguka. Maji moto yakatambaa hadi kwenye kiwiko changu, wala sikuyahisi. Mchumba wangu alikuwa amesimama na mikono kichwani kama mtu aliyeona nyumba ikiungua.

"Mama! Umemgusa!"

Nilitaka kuinuka nikimbie, mgongo ukakataa. Nikajaribu kutambaa kama mjusi, nikagonga mguu wa meza. Shati langu lilikuwa limetundikwa mbali kama mbinguni. Mikono ya yule mama iliondoka mwilini mwangu. Akanitupia leso mgongoni, akainuka, akaenda nyuma ya pazia la chumba cha kulala. Nililala pale na macho kwenye simenti, nikiwaza wazee wangu na nguo zao za Jumamosi, na nitakavyowaambia kwamba harusi imekufa kwa sababu ya kofia.

Binti alikuwa akilia. Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia, na haikuniita mwanangu tena.

"Muulize huyo mtu. Wazee wake wameshabisha hodi hapa?"

Binti akaniuliza, ingawa nilikuwa nimesikia. Nikasema bado.

"Ng'ombe hata mmoja amefika?"

"Bado," nikajibu, sauti nyembamba kama ya kifaranga.

"Basi leo huyo ni mgonjwa."

"Lakini mama, ulijua?" binti aliuliza.

"Nilijua aliposema pilipili."

"Na hukuacha?"

"Niache mgongo nusunusu? Aje Jumamosi amekunjika, jirani waseme binti yangu ameolewa na ndoano?" Akatoka nyuma ya pazia akikunja mikono ya blauzi. "Mwambie alale vizuri. Ilikuwa nimkande leo, kesho na Jumamosi asubuhi. Sasa zote tatu zitaisha leo. Hodi ikibishwa, mkono huu umefungwa."

Nilikandwa siku tatu kwa alasiri moja. Sitaki kuongeza chumvi, ya maji ilinitosha, lakini nilipiga kelele kwa lugha ambazo sikuwa nimefundishwa.

Jumamosi niliingia pale kwa miguu yangu, wima kama mlingoti. Mama mkwe alisimama mbali, leso mabegani, akawasalimia wazee wangu. Mimi hakunitazama. Alimwuliza mjomba wangu tu, "Huyo kijana wenu, ana afya?" Mjomba akajibu kwa fahari kwamba sisi hatujui maumivu ya mgongo. Mchumba wangu akakimbilia jikoni, nikamsikia akicheka mle ndani.

Mama hakunigusa tena kamwe. Mgongo ukinishika tukiwa kwao, mke wangu ndiye hunikanda sebuleni, na mama hukaa chumbani, pazia limeteremshwa, akichagua mboga zake. Mke wangu ana mikono mizuri. Lakini akifika chini ya bega la kushoto, sauti hutoka upande ule kabla hata sijaguna.

"Hapo," inasema. Na huwa ni hapo.