Watu wa Pangoni, Thornton Heath

Baba alikuwa hataki kula. Si kwamba anaumwa. Aliyemtengea chakula alikuwa mtu wa bara, na tangu tulipokimbia Unguja baada ya Mapinduzi, baba hali cha mtu wa bara. Yule mama alikuwa mhudumu aliyeletwa nyumbani kwetu Thornton Heath, London, kumwangalia, Mkristo, mpole wa kuudhi. Likizo yangu ya kazini ilikuwa inakwisha, na hakuna mwingine wa kumlisha. Baba akiendelea kugoma watampeleka nyumba ya wazee, na akili yake ilikwisha kuanza kuhama.

Ijumaa ile nilikuwa namsomea Suratul Kahf. Mhudumu akauliza inasema nini. Nikamjibu kwa mkato, maana nilikuwa na hasira naye tu: vijana walimkimbia mfalme anayeua watu kwa imani yao, wakaingia pangoni na mbwa wao, Mungu akawalaza miaka na miaka.

"Aa, hao wa Efeso," akasema. "Wakristo wa mwanzo hao, dada. Mji wenyewe uko Uturuki, magofu yake yapo mpaka leo."

Wakristo tena? Damu ikanichemka. Tangu utotoni, chuoni kwenye Kurani, najua hao ni wetu, Waislamu. Nikamgeukia baba amkomeshe.

"Walikuwa watu wa Nabii Isa," baba akasema, macho kafumba. "Mtume alikuwa hajazaliwa. Wewe ulidhani watu gani?"

Chuoni nilisomeshwa nini basi, au nilikuwa nasinzia? Baba akafumbua macho, akamtazama yule mama kwa mara ya kwanza.

"Walipoamka?"

"Walikuwa na njaa, mzee. Wakamtuma mmoja mjini, akakuta mji umebadilika, hamjui mtu."

Baba akatazama dirishani, watu wanapita na miavuli yao, hamjui hata mmoja. Khalafu akasema kwa sauti ya chini, kama yumo pangoni, "Basi nenda wewe kaninunulie mkate. Tahadhari wasikujue."

Yule mama akavaa koti, akaenda kweli. Aliporudi baba akala kutoka mkononi mwake, mkate wa aina ile ile alioukataa asubuhi. Nilifurahi, nikaona na wivu, na sikuelewa hata kimoja.

Baba akamwinamia mwenzake wa pangoni, akanitupia jicho.

"Na huyu? Wa mjini?"

"Hapana, mzee," akasema yule mama. "Huyu wetu."

Nikavuta kiti, nikakaa nao. Wetu sisi nani, mpaka leo sijui.